Kwa nini makabati ya juu hujaa mapema kwenye ndege za Entebbe

Ukipanda ndege ya usiku kutoka Dubai kwenda Entebbe ukiwa miongoni mwa wa mwisho, usitegemee kupata pa kuweka begi. Makabati ya juu yatakuwa yameshashiba: mifuko ya maduka ya uwanja wa ndege, mablanketi mazito kwenye mifuko yake ya plastiki yenye zipu, maboksi ya vyombo yaliyozungushiwa gundi ya karatasi. Mhudumu atapita akigeuza, akisukuma, akibana, kisha begi lako litaishia safu kumi nyuma ya kiti chako, na ndege ikitua utasubiri watu wote wapite ndipo ulifuate.

Ukitafuta mtandaoni sababu ya msongamano huu, maelezo mengi yatakupa jibu moja: mashirika ya ndege yalianza kutoza pesa kwa begi linaloingia tumboni mwa ndege, abiria wakahamishia kila kitu juu. Ni kweli, lakini ni kweli ya Marekani na Ulaya. Abiria wa Entebbe anajaza kabati kwa sababu zake mwenyewe, na ukizichanganya na za wenzetu hutaelewa kwa nini dawa zao hazitutibu.

Ya wenzetu inasimuliwa kwa ufupi. Mei 2008, bei ya mafuta ya ndege ikiwa juu kupindukia, American Airlines ilitangaza kwamba kuanzia 15 Juni abiria wengi wa ekonomi wa safari za ndani wangelipa dola 15 kwa begi la kwanza. Mashirika mengine yakafuata, na abiria wakajifunza kuishi na begi moja la magurudumu. Mwaka 2010 Spirit, shirika lingine la huko, ikageuza kibao: ikaanza kutoza hata begi linalowekwa kabati la juu. Ulaya, kwa Ryanair, tangu Novemba 2018 tiketi ya kawaida inabeba kijibegi cha kuingia chini ya kiti, basi. Hayo yakitokea, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeshasema mwaka 2014 kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu na haupaswi kuongezewa bei, mradi uzito na ukubwa wake ni wa kiasi. Kiasi gani, haikusema, na mabishano yameendelea humo humo. Novemba 2024 Hispania iliyatoza mashirika matano ya bei nafuu faini ya jumla ya yuro milioni 179 kwa mambo kama hayo, nayo yakapinga.

Sasa rudi kwetu. Kwenye njia nyingi za kimataifa kutoka Entebbe, tiketi ya ekonomi ya shirika kubwa huja na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na bei yake imo ndani ya nauli. Kilo 46! Kijana wa Madrid anayekwenda Roma wikendi na soksi zake mfukoni hawezi kuziota. Kwa hiyo abiria wetu hakimbii ada ya begi la kwanza. Anachokimbia ni bei ya begi la tatu, na anachohofia ni la kwanza na la pili kupotelea njiani.

Kilo 46 zinaonekana nyingi mpaka uone zinabebeshwa nini. Dada anayerudi kutoka kazi za ndani Saudia au Oman, mkataba wa miaka miwili umekwisha, hana begi la nguo. Ana begi la ukoo. Kila shangazi ana kitenge chake humo, kila mtoto ana viatu vyake, na mama ana blanketi lake. Mfanyabiashara mdogo wa Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, aliyekwenda Guangzhou, China, amejaza mabegi yote mawili bidhaa, na faida ya safari nzima inategemea asilipie uzito wa ziada, maana ada hiyo ikiingia tu, hesabu ya duka inavurugika. Upande wa kwenda ni hivyo hivyo: matoke, unga wa muhogo, samaki wa kukaushwa, kahawa, kopo la siagi ya karanga kwa mjomba aliyeko Uingereza. Yote yanayozidi yanapanda juu.

Ndiyo maana mchezo wa kweli haumo ndani ya ndege bali kwenye kaunta, mbele ya mizani. Simama pembeni uone. Begi la mkononi linawekwa, namba inasimama kwenye kilo 11.

"Nyabo, punguza nne."

"Mwanangu, humo mna dawa za mama tu."

"Nafahamu mama, lakini saba ni saba."

Zipu inafunguliwa sakafuni. Inatoka pasi ya umeme, inatoka jozi ya viatu, linatoka lile kopo la siagi ya karanga. Viatu vinavaliwa papo hapo, ndala zinaingia begini. Koti la baridi linavaliwa juu ya sweta, kwenye joto la Entebbe, na mifuko ya koti inajazwa chaja, sabuni na pakiti za majani ya chai. Begi linarudi kwenye mizani: kilo 7 na nusu, kijana wa kaunta anafumba jicho moja, anabandika kikaratasi. Hatua ishirini mbele koti linavuliwa na kila kitu kinarudi kilikotoka. Ndege haikupunguziwa hata gramu moja. Siagi ya karanga nayo, ambayo imebebwa mkononi ili isimwagike, ikipitia ukaguzi wa uwanja wenye sheria ya mililita 100 itahesabiwa kama kimiminika na kubaki kwenye pipa la ukaguzi. Chupa na vitu laini vya namna hiyo viweke chini, hata kama ni vya bibi.

Hizo kilo 7 zimetoka wapi? Emirates na Qatar Airways zinatumia kikomo hicho kwa ekonomi, Ethiopian vilevile, Turkish inaruhusu 8. Marekani, kinyume chake, mashirika mengi makubwa hayapimi uzito wa begi la mkononi kabisa; ukiweza kuliinua na likaingia, twende. Tofauti hii huwashangaza wengi, na maelezo yanayotolewa kaunta, "ni kwa usalama", ni nusu ya jibu.

Nusu hiyo ina msingi. Kabla ya kuruka, lazima ijulikane ndege ina uzito gani, na kwa kuwa haiwezekani kumpandisha kila abiria kwenye mizani, hutumika wastani. Kanuni za usalama wa anga za Ulaya, kwa mfano, humhesabu mtu mzima kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi. Chukua abiria 250, kila mmoja akiwa ameficha kilo 6 zaidi ya kikomo: hiyo ni tani moja na nusu ambayo haimo kwenye karatasi ya rubani. Ndege kubwa huwa na nafasi ya kutosha ya kuvumilia, lakini nafasi hiyo haipo kila mahali kwa kiwango kimoja. Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Hewa huko juu ni nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu kidogo kuliko pwani, na kila kilo ina bei yake ndege inapoanza kukimbia. Kabati lenyewe pia lina kikomo cha uzito, kimeandikwa ndani ya mlango wake, na begi la kilo 14 likiponyoka pale juu linamwangukia mtu wa kiti cha kando ya njia.

Nusu ya pili ni biashara. Tumbo la ndege linalotoka Entebbe halibebi mabegi tu. Linabeba minofu ya sangara, maua, mboga na pilipili za kwenda Ulaya na Uarabuni. Mizigo hiyo inalipiwa kwa kilo. Kilo unayoipandisha bure kabatini ni kilo ambayo ingeweza kuuzwa, ama kwako kama uzito wa ziada, ama kwa mtu wa samaki. Sioni ubaya wa shirika kufanya biashara. Ninachokiona kibaya ni kupima mkoba wa mwanamke mwenye mtoto mgongoni kwa ukali, kisha kumpisha bwana wa daraja la juu na mabegi mawili ya ngozi bila kuyagusa, na yote mawili yaitwe usalama.

Lakini uzito ni jambo moja na nafasi ni jambo lingine, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Begi linaweza kuwa na kilo 5 na likakosa pa kukaa. Chukua Boeing 737-800, aina inayofahamika vizuri katika viwanja vya Afrika Mashariki. Kwa makabati yake ya kawaida, Boeing yenyewe ilihesabu kwamba yanabeba mabegi ya magurudumu 118. Viti vyake mara nyingi vinazidi 160. Yaani hata kama kila abiria ataleta begi moja tu, la kipimo halali, na kila begi likapangwa kwa ustadi, zaidi ya watu arobaini watakosa. Hakuna aliyevunja sheria. Ahadi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kabati. Mwaka 2015 Boeing ilileta makabati mapya ambayo mabegi husimama kwa ubavu badala ya kulala bapa, sita mahali pa manne, na hesabu ikapanda hadi 174. Airbus nayo ina makabati makubwa ya familia ya A320 yanayofuata mtindo huo wa kusimamisha mabegi. Ukiingia kwenye ndege yenye makabati ya hivyo, utaona picha ya maelekezo imebandikwa, na utaona abiria wa tatu kuingia ameshalaza begi lake upande mzima kama godoro.

Kwenye CRJ900 za Uganda Airlines, zile za viti 76 zinazokwenda Nairobi, Juba, Dar es Salaam na kwingineko katika eneo letu, hakuna picha ya kukusaidia. Ni ndege nyembamba, viti viwili huku na viwili kule, na makabati yake hayana kina. Begi la magurudumu lililoingia bila shida kwenye A330, ndege kubwa ya shirika hilo hilo, linaweza kugoma hapa hata likiwa tupu. Begi la mgongoni na mkoba laini huingia. Kwa hiyo anayetoka London au Mumbai na kuunganisha Entebbe kwenda Bujumbura au Mombasa anaweza kukuta begi ambalo limevuka bara zima kabatini linachukuliwa mguuni pa ngazi na kupelekwa chini. Ni kipimo cha chuma na plastiki, na kubishana na kijana wa ngazini hakuongezi sentimita.

Kwa nini basi dunia haina kipimo kimoja? Ilijaribiwa. Juni 2015 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilipendekeza begi la sentimita 55 kwa 35 kwa 20 ambalo lingetambulika kila mahali. Kipimo hicho kilikuwa kidogo kuliko mabegi mengi ambayo watu walikuwa nayo tayari, hasa Marekani, na kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba wazo likawekwa kando katika muda wa siku chache. Kila shirika likabaki na lake. Mwenye kuunganisha ndege mbili anafuata lile lililo dogo zaidi, hata kama tiketi ni moja.

Sababu ya hofu nimeigusa tu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Abiria wetu haamini tumbo la ndege. Tazama mabegi yaliyozungushiwa nailoni mara saba, kufuli mbili, kamba ya katani juu yake, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu nene pande zote. Mtu wa namna hiyo hataweka simu kumi za biashara chini, wala dhahabu ya mke, wala vyeti vya shule vya mtoto anayekwenda India. Na hapo yuko sahihi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala safari nyingi za kimataifa, unaweka ukomo wa fidia ya mzigo: tangu 28 Desemba 2024 ni haki maalumu za kuchotea 1,519, sarafu ya hesabu ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), ambazo ni takriban dola 2,000 kwa abiria, haijalishi begini mlikuwa na nini, isipokuwa kama ulitoa tamko maalumu la thamani ulipokabidhi mzigo na ukalipia pale ilipohitajika. Nayo masharti ya mashirika mengi husema wazi kwamba pesa taslimu, vito na vifaa vya elektroniki visiwekwe chini. Kwa hiyo sheria yenyewe inamsukuma abiria apande na vitu vya thamani. Kisha mizani inamwambia avipunguze.

Betri zinasukuma upande huo huo. Powabanki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye begi la chini, kwa sababu zikiwaka tumboni hakuna wa kuziona wala kuzimwagia maji. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Powabanki ya mAh 20,000, ambayo ndiyo maarufu Kampala, ni kama wati-saa 74, inapita. Lakini sasa hata kabati la juu linaanza kukataliwa. Januari 2025 ndege ya Air Busan aina ya A321 iliungua ikiwa bado ardhini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye powabanki iliyokuwa kabatini. Kuanzia Machi mwaka huo Korea ikataka betri za namna hiyo zikae karibu na abiria, si juu. Emirates, ambayo inaleta abiria wengi Entebbe, ilifuata tarehe 1 Oktoba 2025: powabanki moja, haitumiki ndani ya ndege, inakaa mfukoni mwa kiti au chini ya kiti cha mbele. Kinachoungua kwenye kabati lililofungwa, chini ya mablanketi matatu ya zawadi, kitagunduliwa kimechelewa.

Kuhusu moto, kuna tabia moja ambayo siipendi hata kuitaja kwa upole: kushusha begi wakati wa dharura. Ndege huidhinishwa kwa sharti kwamba abiria wote watoke kwa sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango. Picha za Dubai Agosti 2016, Boeing 777 ya Emirates ikitoa moshi, zinaonyesha watu wakiburuta mabegi. Wote 300 walipona, zimamoto mmoja akafa. Haneda, Januari 2024, watu 379 walitoka kwenye A350 ya Japan Airlines iliyokuwa inawaka na wote wakapona; mabegi yalibaki. Pasipoti na dawa zikae kwenye kijimkoba kinachovaliwa mwilini tangu mwanzo, ili usiwe na cha kurudia.

Foleni ya kupandia inahitaji neno moja tu. Watu husimama getini nusu saa kabla ya kuitwa kwa sababu wanajua kabati ni la anayewahi. Kiti kina namba, kabati halina. Mwanafizikia wa nyota Jason Steffen alionyesha mwaka 2008 kwamba kupandisha watu kutoka nyuma kwenda mbele, njia inayoonekana ya busara, ni miongoni mwa za polepole zaidi, kwa kuwa watu wa safu jirani wanasimama njiani pamoja wakiinua mabegi. United ya Marekani tangu Oktoba 2023 huanza na wa dirishani, wa katikati, kisha wa kando, kwa abiria wa kawaida wa ekonomi. Entebbe, utaratibu wowote utakaotangazwa, kundi la nne litasimama na la kwanza.

Na ndani ya mifuko hiyo mna maajabu. Novemba 2021, kwenye ndege ya Uganda Airlines ya kwenda Dubai, abiria alisimama njiani akauza nsenene, panzi wa kuliwa, kutoka kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, watu wakanunua, video ikazunguka nchi nzima. Shirika lililalamika, kisha likasema linafikiria kuziweka kwenye menyu. Kaveera, ukienda Kigali au Nairobi, iache nyumbani: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017.

Turudi kwa begi linalochukuliwa mguuni pa ngazi, maana hapo ndipo watu hupoteza haki bila kujua. Likiwa kabatini ni lako, na shirika linawajibika tu ikithibitika limekosea. Likipokelewa na kupewa kikaratasi cha namba, kwa kawaida linahesabiwa mzigo uliokabidhiwa, na likiharibika mikononi mwao wanawajibika hata bila kosa kuthibitishwa, isipokuwa kama lilikuwa na kasoro yake. Kwa hiyo usilitoe kwa hasira na kuondoka. Chomoa kwanza powabanki, pesa, dawa na hati. Uliza kama litapokelewa mlangoni pa ndege mtakapotua au kwenye mkanda wa mizigo. Dai kikaratasi, kipige picha pamoja na begi. Likitoka limepasuka, ripoti kabla hujatoka ukumbini, na malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipolipata.